Mhubiri wa Nyuzi

Ofisi ya Mkutano, ghorofa ya tatu
Tarehe 4 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Kabla hujauliza: nakula vizuri, nalala vizuri, na mchumba bado. Hayo tumeyamaliza, sasa nikupe habari.

Tumeshinda. Ule mkutano wa kimataifa wa wachezesha vikaragosi, niliokusimulia mpaka ukaniambia nitafute hadithi nyingine, unakuja kwetu. Siyo huku mji mkuu kwenye ofisi yetu. Kwetu kabisa, kwenye Ukumbi wa Halmashauri, ng'ambo ya barabara kutoka kibanda chako cha ushonaji. Wageni wa nchi kumi na tisa, wengine wa nyuzi, wengine wa mikono, wengine wa vivuli. Ukikaa kwenye cherehani yako utawaona wakishusha masanduku. Wenzangu walitaka hoteli yenye lifti, mimi nikautetea ukumbi wetu, na kura zilipohesabiwa nilitoka nje kwenye ngazi nikaruka kama mtoto.

Kituko kimoja tu. Nililiandika tangazo vizuri, "Mkutano wa Kimataifa wa Vikaragosi", Mwenyekiti wa kamati akalirudisha. Anasema neno hilo halipiti mezani kwake. Mwaka jana kwenye kikao cha bajeti mtu alimwita kikaragosi cha matajiri, magazeti yakachapa, na tangu hapo akiliona neno hilo kwenye karatasi anahisi anaitwa yeye. Akachukua kalamu, akafuta, akaandika "sanamu". Nikamwambia sanamu ni kitu kingine, Mwenyekiti. Akasema sanamu ni sanamu, iwe inatembea au imesimama. Tangazo limeondoka hivyo hivyo.

Mwisho, ombi. Kuna mgeni mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu, wenzake wanamwita Babu Nyuzi. Hoteli haziwezi, anasema vitanda vyake vinamlaza kama maiti. Nimekutaja wewe bila kukuuliza. Chumba changu si kipo? Anakuja mapema kuliko wenzake ili afanye mazoezi.

Mwanao,
Katibu (ndiyo, wamenipa na mhuri)


Kibandani
Tarehe 13 Machi

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea, nimemgawia jirani, na zimebaki za kutosha.

Nakuandikia kwa sababu simu nawaachia wateja wanaouliza kama gauni limeisha. Jambo zito naliweka kwenye karatasi, maana kwenye simu una tabia ya kusema mtandao unakata.

Tangazo lenu limefika. Limebandikwa kwenye ukuta wa ukumbi, kubwa kuliko mlango: MKUTANO WA KIMATAIFA WA SANAMU. Chini yake wameandika, "Sanamu zaidi ya mia mbili kutoka duniani kote. Njoni nyote." Tuje nyote kufanya nini, mwanangu? Kusujudu? Uliniandikia kwamba Mwenyekiti alibadili neno, lakini mtu hubadili neno likibadilika jambo, na mimi sasa nauamini ukuta.

Ijumaa Shehe alilisema msikitini, tena kwa kipaza sauti kipya. Jumapili Mchungaji akaacha somo aliloliandaa, akasoma amri ya pili mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anaangalia dirisha la upande wa ukumbi. Watu hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata siku ya kuzibua mtaro unaopita katikati yao. Jumatatu walikaa meza moja wakaandika barua moja kwenda Halmashauri: sanamu zisiingie mjini. Sahihi ya kwanza ni ya Mchungaji, ya pili ya Shehe, ya tatu ni yangu, kama mama wa kwaya. Nakala itafika mezani kwako. Usizimie. Mwandiko ni wangu na sina aibu nao.

Mimi ndiye niliyekulea tangu kaka yangu alipofariki. Nilikufundisha kusali kabla sijakufundisha kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo niambie mwenyewe, bila maneno ya ofisi, mnaleta nini.

Mgeni wako aje. Ugomvi wangu na sanamu haumhusu mtu mwenye njaa. Ila hayo masanamu yake yatakaa stoo, na uniambie anakunywa chai ya maziwa au ya rangi.

Shangazi yako,
Fundi


Ofisi ya Mkutano
Tarehe 17 Machi

Shangazi,

Barua yenu ilifika nikiwa mbele ya Mwenyekiti, nikaiona sahihi yako na ule mkia mrefu unaouvuta mwishoni. Sikuzimia, lakini nilikaa.

Ni vikaragosi tu. Vile vidoli vinavyovutwa kwa nyuzi, vinatembea, vinacheza ngoma, vinapigana na mbuzi. Hakuna anayeviabudu. Wenyewe wengine hata wanavisahau kwenye viwanja vya ndege. Nilimwekea Mwenyekiti barua yenu upande mmoja na kamusi upande wa pili. Alisoma barua, akasoma kamusi. Kisha akasema, "Haya, andika vikaragosi, lakini kwa herufi ndogo." Matangazo mapya yako njiani, na mimi nimewaandikia Mchungaji na Shehe kuwaomba radhi kwa niaba ya ofisi.

Utafurahi ukiona. Kuna mbuzi mkaidi, kuna mfalme asiyejua kuvaa viatu, kuna bibi harusi anayekimbia harusi yake. Ni michezo ya kuchekesha, usiwe na wasiwasi wowote.

Chai ya rangi. Sukari nyingi.

Mwanao


Kibandani
Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Kumbe ni neno moja tu lililotugombanisha. Mchungaji aliisoma barua yako kanisani na akacheka mbele ya watu, jambo jema, maana yule hacheki ovyo. Ile barua ya kupinga imefutwa, ila ilichukua wiki nzima, kwa sababu yeye na Shehe hawakukubaliana nani aandike barua ya kufuta. Umoja wao umeishia hapo.

Babu Nyuzi amefika. Ni mrefu, mwembamba, anainama hata kwenye milango isiyohitaji kuinamiwa. Kiswahili anajua vitu vitatu, vyote kajifunza mezani kwangu: "asante", "ongeza kidogo", na "Mungu wangu", hili la mwisho analisema kila akikutana na pilipili. Dini hana. Mwalimu wa lugha anayetutafsiria aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa mwenzake. Nikamwambia basi nitamsalia mimi, chakula kisipoe.

Masanduku hayakukaa stoo. Stoo inavuja, na mzee alivyoliangalia bati nilimwonea huruma. Vikaragosi vyake vimening'inia kwenye kabati lako, pamoja na sare zako za shule. Usiku wa kwanza niliamka kuvifunika, nikajiona mjinga, nikavifunika hivyo hivyo.

Ana mikono inayotetemeka. Kikombe hakimaliziki bila kumwagika. Akishika nyuzi inatulia, lakini Mwalimu anasema mzee mwenyewe anajua haitatulia miaka mingi tena.

Juzi aliniletea kikaragosi kimoja kimechakaa. Kijibwana kinene, joho jeusi, kola nyeupe shingoni, kitabu kidogo mkononi. Nikajua huyu ni wakili. Joho limeliwa na nondo, kola imekuwa rangi ya chai. Nimemshonea joho jipya kwa kitambaa kilichobaki kwenye majoho ya kwaya, na kola nimeitia wanga mpaka inasimama yenyewe. Babu alipomwona alitokwa na machozi. Machozi kwa ajili ya wakili. Watu wa sanaa wana mioyo yao.

Shangazi yako


Kutoka: Mwenyekiti
Kwenda: Katibu
Tarehe 2 Aprili

Nimeiona ratiba. Siku ya pili mchana kuna mchezo unaitwa "Mhubiri", wa yule mzee. Nimeulizia. Nimeambiwa kwao umepigwa marufuku, na kwamba huyo mhubiri anajipangusa mdomo kwa ukurasa wa kitabu kitakatifu.

Baada ya mambo ya sanamu, mimi viongozi wa dini nataka kukutana nao kwenye harusi tu. Mchezo ufutwe "kwa sababu za kiufundi". Kwa kanuni za mkutano, mabadiliko ya ratiba husainiwa na Katibu. Kwa hiyo saini wewe. Mimi sijaona chochote.

Mwenyekiti


Ofisi ya Mkutano
Tarehe 3 Aprili

Shangazi,

Kaa kwanza. Weka mkasi mbali. Yule si wakili.

Yule ni Mhubiri, na ndiye aliyemponza Babu. Kwao kila alipomtoa kwenye sanduku watu walipandwa na hasira, polisi wakaja, na mwishowe akakatazwa kumwonyesha popote. Sasa ni miaka kumi na moja. Mimi niliuona mchezo wake kwenye mkanda mmoja wa zamani nikiwa chuoni, picha zinarukaruka, nikasema siku nikiwa na uwezo huyu mtu nitampa jukwaa. Wale wengine wote waliomba kuja. Yeye nilimwalika mimi, na nilimwalika kwa ajili ya kikaragosi hicho kimoja.

Nilikuandikia habari za mbuzi na mfalme huku nikijua. Nilikuficha. Shehe sikumwogopa, na Mchungaji pia sikumwogopa sana, nilikuogopa wewe.

Sasa Mwenyekiti anataka nisaini mchezo ufutwe. Nikisaini, Babu anarudi na Mhubiri sandukuni, na kwa mikono ile hakutakuwa na mara nyingine. Nisiposaini, watu walionibeba mgongoni, walionichangia nauli ya chuo, watasema nimekwenda mjini nikawarudishia tusi mlangoni kwao. Naamini mtu ana haki ya kucheka na kuchekesha, hata kanisa. Naamini pia kwamba wewe una haki ya kuumia. Vyote viwili naviamini na havikai pamoja kichwani kwangu.

Nifanye nini? Hapa siulizi kama Katibu.

Mwanao


Kibandani
Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Nimekaa kama ulivyoagiza. Nilikaa siku kadhaa bila kuandika, maana ningeandika palepale ningekuita majina ambayo kaka yangu angenisuta nayo huko aliko.

Umenifanya nimtilie wanga kola mtu anayemsimanga mchungaji wangu. Tena kwa kitambaa cha kwaya. Hilo peke yake lilistahili fimbo, ila umeshakuwa mkubwa na uko mbali.

Lakini sikutaka kuhukumu kitu cha kusimuliwa. Nilimwita Mwalimu, nikafunga kibanda mchana kweupe, nikamwambia Babu: nichezee, nione. Akatundika shuka kwenye waya wa nguo za wateja, akacheza.

Mhubiri anaingia nyumbani kwa mjane. Wamemchinjia kuku, pekee waliyekuwa naye. Anasema tufumbe macho tuombe. Watoto wanafumba. Anaanza kuwaombea, mkono mmoja uko juu mbinguni, wa pili uko kwenye sahani. Kila akimeza anaongeza jina la mtu wa kuombewa. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akafika mpaka kwa madereva wa malori. Anaposema amina, watoto wanafumbua macho, sahani nyeupe. Na yeye anaruka nyuma kwa mshangao, anasema, "Muujiza."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikamshikilia Mwalimu nisianguke. Kuku huyo nimempika mimi, tena si mara moja. Unamkumbuka yule mhubiri wa kupita, wewe ulikuwa mdogo? Ulifumbua macho kabla ya amina nikakufinya. Sasa najua uliona nini.

Halafu akachana ukurasa kwenye kile kitabu, akajipangusa mdomo. Kicheko kikanikauka. Nikasimama, nikamwambia Babu basi, hapo hapo, inatosha. Mhubiri nimcheke, ana mdomo, atajitetea. Kitabu hakijala kuku wa mtu. Nikamwomba aondoe ukurasa ule, mengine yote abaki nayo. Nilisema maneno mengi, Mwalimu akatafsiri manne. Babu akajibu kwa kirefu, Mwalimu akaniambia, "Anasema hapana." Nikasema, Mwalimu, leo utatafsiri yote au mezani kwangu hukai tena. Ndipo akasema: "Anasema anayekichana kitabu si yeye, ni mtu huyo. Anakichana kila siku, yeye ameonyesha tu. Akiondoa hapo, amebaki na mchezo wa kuku."

Tulibishana mpaka chai ikapoa na hakuna aliyeshinda. Baadaye aliosha vyombo, na mimi nikavirudia kuviosha.

Kesho yake nilikwenda kumweleza Mchungaji mwenyewe kabla wambea hawajafika. Alisikiliza yote. Akauliza, "Ana tumbo?" Nikasema analo. "Kubwa?" Nikaangalia viatu vyangu. Akazunguka chumba, akasema, "Mama, mtu amerusha jiwe gizani. Mimi nikilia, mji mzima utajua limempata nani." Kwa hiyo hatazuia. Hatabariki pia. Na kwaya tukitaka kusimama nje tuimbe kupinga, amesema ni haki yetu.

Umeuliza ufanye nini. Usisaini kwa ajili yangu. Sitaki mzee wa watu anyamazishwe, halafu isemwe ni kwa heshima ya Fundi. Heshima yangu nitaitetea mwenyewe. Nina cherehani, nina mabaki ya vitambaa, nina ulimi. Nitafutie nafasi fupi jukwaani baada yake, na usiulize ya nini.

Shangazi yako, ambaye bado amekasirika


Kutoka: Katibu
Kwenda: Mwenyekiti
Tarehe 12 Aprili

Nimeulizia taa, pazia na nyuzi. Vyote vizima. Sababu ya kiufundi sijaiona, kwa hiyo sijasaini. Nimeongeza kipengele kifupi baada ya "Mhubiri", kinaitwa "Jibu la Wenyeji". Hicho nimekisaini.

Katibu


Kutoka: Mwenyekiti
Kwenda: Katibu
Tarehe 12 Aprili

Sawa. Kwa kuwa ofisi haiwezi kukosa mtu wa kupokea simu, utabaki wewe. Nafasi yako kwenye msafara amepewa mpwa wangu, kijana anayependa sana utamaduni.

Mwenyekiti


Ofisi ya Mkutano
Tarehe 13 Aprili

Shangazi,

Sijasaini. Mhubiri atacheza mchezo wote, na wewe una nafasi yako baada yake. Siulizi.

Ila mimi sitakuja. Kazi zimenibana, kuna simu za wageni lazima mtu azipokee. Usisikitike, mchezo wenyewe nimeshauona kwenye mkanda. Wewe kaa mbele, halafu uniandikie kila kitu, hata nani alikaa na nani.

Msalimie Babu. Mwongeze kidogo.

Mwanao


Kibandani
Tarehe 23 Aprili

Mwanangu mgonjwa,

Pole na mafua. Mwenyekiti ametangaza jukwaani kwamba Katibu ameshindwa kufika kwa sababu ya mafua makali, na kwaya nzima tukainamisha vichwa tukakuombea. Baadaye dereva wenu aliyeleta viti akanieleza ukweli wote, tena kwa raha zake, nikasitisha maombi. Kwa hiyo ulinifichia Mhubiri, ukanifichia na hili. Lile la kwanza lilinikasirisha. Hili limeniliza, na sitakueleza zaidi ya hapo.

Nikupe mambo kwa mpangilio. Tulianza na kupinga. Kwaya tulisimama mlangoni tukaimba nyimbo tatu za kupinga, kwa sauti zote nne. Wageni wakadhani tunawakaribisha. Wakatupiga picha, wengine wakacheza, mama mmoja mwenye kikaragosi cha twiga akaingia katikati yetu akawa anaitikia. Tulipomaliza tukaingia tukakaa, maana kiingilio ni bure na ni vizuri kukiona unachokipinga.

Mchungaji alikaa safu ya pili na Shehe pembeni yake. Mhubiri alipotokea, kola imesimama, tumbo limetangulia, ukumbi mzima uligeuka kumwangalia Mchungaji. Akavua miwani akaifuta. Shehe alikuwa anacheka kwa starehe ya mtu ambaye hajaguswa, mpaka Mchungaji akamwambia, "Cheka tu, zamu yako inakuja." Yeye mwenyewe alijikaza sana. Lakini Mhubiri alipofika kwa madereva wa malori, ambao Mchungaji wetu huwaombea kila Jumapili bila kuwaruka, nilimwona mabega yanatikisika. Akashindwa, akacheka kwa sauti, na hapo watu wote wakapata ruhusa.

Halafu ukurasa. Ulichanwa mbele ya watu wote. Wanawake wawili wa kwaya walinyanyuka wakatoka na sikuwazuia, hata mimi nilishikilia kiti. Mwenyekiti wako akaruka kutoka safu ya mbele, akawa anahangaika kutafuta kamba ya pazia. Ndipo Mchungaji akasema, wala hakupaza sauti, "Mwenyekiti, keti. Mimi nimeumia, siyo wewe. Na mwisho bado sijauona."

Mwanangu, mwisho upo. Mimi nilimsimamisha Babu pale kibandani kabla hajafika. Mkanda wako nao, Babu anasema, umekatika hapohapo. Kwao polisi walikuwa wanafika hapohapo. Miaka yote hiyo hakuna ukumbi uliomwacha amalize. Mhubiri akishajipangusa anaukunja ukurasa, anautupa, anaondoka zake. Taa zinapungua. Yule mtoto mdogo kuliko wote, mwenye njaa, anatambaa kuufuata. Anaukunjua. Anaunyoosha kwa goti, taratibu, mikunjo yote. Anakaa chini, anaanza kusoma, kidole kinafuata mstari. Basi. Mikono ya Babu haikutetemeka hata kidogo.

Watu wakasimama. Mchungaji alisimama. Wale wawili waliotoka walikuwa wamechungulia mlangoni wakaona kila kitu. Mimi nililia kwenye leso niliyoiandaa kwa kazi nyingine.

Usidhani nimelainika. Mtoto kuuokota hakufuti kuchanwa, na nilimwambia Babu hivyo. Nikamuuliza pia kwa nini hakuniambia kuna mwisho. Mwalimu akatafsiri neno kwa neno, sasa ameshika adabu: "Mchezo ukiuelezea ili uruhusiwe, umeshaomba msamaha."

Sasa jibu langu. Nilikuwa nimeshona kikaragosi cha Babu mwenyewe. Mrefu, mwembamba, anainama kwenye kila mlango. Tulimvuta wanawake sita kwa mpigo, kila mmoja na uzi wake, hatujui tunachofanya, mguu mmoja ukanasa kwenye mkufu wangu ukakaa huko mpaka mwisho. Yeye anatembea huku anatangaza, "Mimi siamini kitu, wala sivutwi na mtu," na sisi sita tunamvuta. Anamwaga chai, "Mungu wangu." Anapoteza sindano, "Mungu wangu." Anaonja pilipili, "Mungu wangu, Mungu wangu." Wanakwaya wakaitikia amina kila mara. Mwishoni anaulizwa, mzee, umesali mara ngapi leo? Anafikiri, anasema, "Ongeza kidogo."

Babu Nyuzi alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Alipopanda jukwaani alimshika yule kikaragosi wangu, akamgeuzageuza, akakagua mishono, kisha akawaambia wageni wa nchi zote: "Waliochukizwa na mchezo wangu waliniletea polisi. Mama huyu amechukizwa kuliko wote, na ameniletea kikaragosi." Mwenyekiti akachukua kipaza sauti akaeleza kwamba uhuru wa maoni ulikuwa wazo lake tangu mwanzo. Tukampigia makofi, mgeni ni mgeni.

Barua hii anakuletea dereva, na sisi tunafuata nyuma kwa basi, Babu, Mwalimu na mimi. Ndege yake inaondokea huko. Nilimweleza kwa nini hukuonekana. Aliingia chumbani akaanza kufungasha, na Mhubiri akamweka juu kabisa ili awe rahisi kumtoa. Anasema kuna mtu mmoja aliyeulipia mchezo huu na hajauona. Anahitaji meza moja, taa moja na ukuta mtupu.

Kwa hiyo ondoa mafaili mezani, mwanangu, ukae mbele. Simu zikiita, Mwenyekiti atazipokea.

Shangazi yako